Mshipa Umefungwa: Je, Mkono wa Mume Wangu Unakufa?

BARUA

Shikamoo Daktari.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Mume wangu ni fundi wa aluminiamu na vioo, anafunga madirisha kwenye majengo mapya kule upande wa Mtumba. Mimi nauza chakula jirani na saiti hiyohiyo, kwa hiyo siku ya ajali nilikuwepo.

Hii ni wiki ya sita. Walikuwa wanapandisha kioo ghorofani, upepo ukawazidi nguvu (wewe unaujua upepo wetu wa mwezi wa nane), kioo kikapasuka na kipande kikamkata mkono wa kulia upande wa ndani, kama vidole vinne kutoka kwenye kifundo, upande wa kidole kidogo. Damu iliruka, Daktari. Ilikuwa inaruka na kupumzika, inaruka na kupumzika, mpaka ukuta mpya ukaharibika. Hapo kila mtu akawa mganga. Mmoja akaleta sukari, mwingine anatafuta mafuta ya taa. Mimi nilikunja kanga nikaibana juu ya kidonda kwa mikono miwili. Halafu fundi mwenzake akaja na kipande cha tyubu ya baiskeli, tukamfunga juu ya kiwiko, tukapanda bajaji. Mpaka tunapokelewa na tyubu inafunguliwa nakadiria zilipita dakika hamsini.

Aliyemshona alitoka akaniambia: "Mama, mshipa mmoja ulikuwa umekatika, nimeufunga. Usiogope, mkono una mshipa mwingine, huo utaulisha." Hatukuuliza zaidi, tulikuwa tunashukuru tu kwamba yuko hai. Alichomwa sindano ya pepopunda, akapewa vidonge, nyuzi zikatolewa baada ya siku kumi na mbili. Kidonda kimefunga vizuri.

Tatizo ni vidole. Kidole kidogo na nusu ya kile cha pili yake vina ganzi. Juzi ameinua sufuria ya chai, kidole kidogo kikatoka malengelenge, na hakujua mpaka nilipomwonyesha. Drili inamponyoka. Mkono wenyewe una joto, kucha ni nyekundu kama za mkono mwingine, ila nguvu hana.

Mama mkwe amekuja kutoka Kongwa kumuuguza mwanawe. Namheshimu sana, lakini nyumba imekuwa nzito. Anasema vidole vinakufa kwa makosa mawili: kosa langu la kumfunga tyubu, na kosa la daktari kufunga mshipa badala ya kuuunga. Anasema ukiziba mfereji juu, bustani ya chini itakauka tu. Kila jioni anamkanda kwa maji ya moto na majani aliyokuja nayo. Mjomba wake mume wangu aliyeko Dar es Salaam naye anapiga simu kila siku, anataka tumpeleke huko mkono upasuliwe na huo mshipa ufunguliwe. Ili tufike huko itabidi tuuze pikipiki, ambayo ndiyo inayotulisha sasa hivi.

Naomba uniambie ukweli. Ni mimi niliyemharibu mume wangu? Mshipa uliofungwa unaweza kufunguliwa? Tuuze pikipiki?

Halafu nimesahau, pale kwenye kovu kumetokea kauvimbe kama punje ya zabibu. Hakamuumi sana. Anasema usiku akilaza mkono kifuani anakasikia kanadunda. Mama anasema ni jipu, likiiva atalitumbua. Hilo siyo kubwa, nimelitaja tu.

Mama wa Wawili, Nkuhungu, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote mliyopitia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile mistari ya mwisho, hiyo uliyosema umeitaja tu. Naanzia hapo. Hicho kivimbe kisitumbuliwe na mtu yeyote, si mama, si jirani, si muuza duka la dawa. Na kule kukanda kusimame leo jioni. Ukishahakikisha hayo mawili, rudi uendelee kusoma, mengine yanaweza kusubiri dakika kumi.

Uvimbe unaoota juu ya kovu, mahali ambapo mshipa wa damu ulikatwa, na ambao unadunda, hauhesabiwi kuwa jipu mpaka kipimo kiseme hivyo. Mara nyingi huwa ni mshipa unaovuja kwa ndani. Tundu dogo linabaki, kila moyo ukipiga damu kidogo inasukumwa nje ya mshipa, inazungukwa na damu iliyoganda na nyama laini, na polepole kinajengeka kifuko. Sisi tunakiita aneurizimu bandia. Ni bandia kwa sababu ukuta wake si ukuta wa mshipa wenyewe. Ni ngozi ya muda tu iliyojitengeneza kuzunguka damu. Kinaweza kukaa wiki nyingi bila maumivu, kikakua taratibu, kikaanza kukandamiza neva (mshipa wa fahamu) iliyo jirani, au kikapasuka siku isiyotarajiwa. Sasa fikiria mtu anakikanda kwa maji ya moto kila jioni. Au anakichoma kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, akitegemea usaha.

Najua mtu atasema hata jipu hupwita. Kweli, lakini kupwita kwa jipu ni maumivu. Ukiweka kidole juu yake hakuna kinachoinuka na kushuka. Jipu pia huwa na joto, ngozi inakaza na kuwa nyekundu, na mgonjwa hataki liguswe. Mume wako analaza mkono kifuani na "anakasikia". Mlaze chali, weka ncha ya kidole chako juu ya kivimbe kwa wepesi kabisa, kama unagusa shavu la mtoto aliyelala, na mkono wako mwingine shingoni kwake kwenye mapigo. Vikienda pamoja, umeshapata jibu la kutosha kukutoa nyumbani. Fanya hivyo mara moja tu, usibonyeze, usirudie kila saa kwa wasiwasi.

Utaniuliza: lakini si daktari aliufunga? Aliufunga, na simlaumu mtu ambaye sikuwepo alipokuwa anapambana na damu. Ila mshipa uliokatika una ncha mbili. Ncha ya juu inatoka moyoni, hiyo ndiyo iliyokuwa inachafua ukuta. Ncha ya chini, ya upande wa kiganja, watu huidharau kwa sababu wanadhani damu imeshaisha huko. Haijaisha. Damu huzunguka kiganjani kupitia mshipa mwingine na kurudi kwa nyuma kwenye ncha hiyo, kwa hiyo nayo huvuja isipofungwa. Inawezekana ni hiyo. Inawezekana uzi uliteleza. Inawezekana kioo kiligusa mahali pa pili, tawi dogo ambalo siku ile lilikuwa limejikunja na kunyamaza. Mishipa hufanya hivyo: mshipa ukikatika kabisa, unajikunja na kurudi ndani ya nyama kama mnyoo, na damu hupungua yenyewe. Ule uliokatika nusu tu hauwezi kujikunja, unabaki wazi na kutoka damu zaidi. Ndiyo maana damu ikikata tu kwenye jeraha la kioo haimaanishi kazi imeisha.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi mwende hospitali. Kwa hapa Dodoma, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa kule karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, popote penye daktari wa upasuaji na altrasaundi. Kipimo mnachokihitaji ni altrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea ndani ya mshipa. Haichomi, haihitaji dawa ya usingizi. Pale mapokezi na kila mtakapofika, sema sentensi moja na usichoke kuirudia: "Alikatwa na kioo, mshipa wa damu ulifungwa, na sasa pana uvimbe unaodunda." Sisemi hivi kukutisha. Kwenye foleni ya wagonjwa mia, uvimbe mdogo wa mkono unaweza kupelekwa chumba cha vidonda vidogo, na huko nako kuna watu wenye wembe na haraka. Neno "unadunda" ndilo litakalomfanya mtu aweke wembe chini.

Ikitokea kabla ya Jumatatu kinakua haraka, ngozi inang'aa na kuwa nyembamba, kinatoa damu, au vidole vinapauka na kuwa vya baridi, msisubiri Jumatatu, wala msisubiri kupambazuke. Kikipasuka, rudia ulichofanya siku ile kwa kanga: bana moja kwa moja juu ya mahali penyewe, kwa nguvu, mkono ukiwa umeinuliwa, bila kuachia ili kuchungulia.

Hapo nimegusa swali lako la kwanza, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, siyo wewe.

Kubana kidonda moja kwa moja ndiyo tiba ya kwanza ya damu ya kigasha (hilo ndilo jina la sehemu hii kati ya kiwiko na kiganja, sijui kwa nini tumeliacha). Ateri za hapa, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, si kubwa. Mtu akibana vizuri dakika kumi bila kuinua kitambaa, mara nyingi damu husimama. Ulikataa sukari na mafuta ya taa, ambavyo visingezuia kitu, vingechafua tu kidonda na kumsumbua atakayekisafisha. Tyubu je? Ningependa kitu kipana zaidi, kanga iliyokunjwa na kukazwa kwa kijiti, kwa sababu mpira mwembamba hubana neva pahali pamoja. Na ningependa itumike pale tu ambapo kubana kumeshindikana. Lakini dakika hamsini? Madaktari wa upasuaji wenyewe hufunga mkono kwa mpira wa hewa ili wafanye kazi bila damu, na hukaa hata saa nzima, saa moja na nusu, tukichunga tusivuke saa mbili. Nyama ya mkono inaanza kuharibika vibaya ikikosa damu kwa takribani saa sita. Halafu angalia vidole vyenyewe. Tyubu iliyofungwa juu ya kiwiko inabana neva zote tatu zinazoshuka mkononi. Kama ndiyo iliyoharibu, isingechagua kidole kidogo na nusu ya jirani yake na kuviacha vingine salama.

Nani basi aliyechagua vidole hivyo viwili? Hapa naomba tukae kidogo, maana nyumbani kwenu mnagombana juu ya neno.

Kiswahili chetu kina neno moja, mshipa, na tunalitumia kwa kila kitu kirefu chembamba kilichomo mwilini. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa kano, hata ngiri tunaiita mshipa. Daktari aliposema "mshipa mmoja umekatika, nimeufunga", alikuwa anazungumzia ateri, bomba la damu. Mama mkwe aliposikia vidole vina ganzi na mshipa umefungwa, akaunganisha. Mimi ningekuwa mama yake ningeunganisha vilevile. Lakini ganzi haitoki kwenye bomba la damu. Ganzi inatoka kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu, ambayo ni kama waya wa umeme.

Sasa tazama ramani. Kigasha kina ateri kubwa mbili. Moja inashuka upande wa dole gumba, ndiyo hiyo manesi wanayoshika kuhesabu mapigo. Nyingine inashuka upande wa kidole kidogo. Zikifika kiganjani zinakutana na kufanya tao, kama barabara mbili zinazoungana kwenye mzunguko mmoja, na kutoka kwenye tao hilo ndipo vidole vinapata damu. Ukifunga barabara moja, magari yanapita nyingine. Ule mfano wa mama wa mfereji na bustani ni mzuri, ila bustani hii ina mifereji miwili.

Wako madaktari wa moyo ambao kwa makusudi huchomoa ateri ya upande wa dole gumba kwa mgonjwa mzima, wakaipandikiza moyoni kupitisha damu pale mishipa ya moyo ilipoziba. Wanaanza kwa kuhakikisha ateri ya pili inatosha, kisha wanachukua. Mgonjwa anarudi nyumbani na kula ugali kwa mkono uleule. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mkono una joto na kucha ni nyekundu. Hiyo ni habari kubwa kuliko unavyodhani. Bonyeza ukucha wa kidole chake kidogo mpaka upauke, achia, hesabu moja, mbili. Ukirudi rangi yake ndani ya muda huo, bustani inapata maji.

Si kila mkono una tao lililokamilika, nalo ni kweli. Baadhi ya watu wamezaliwa likiwa na pengo. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hupima kabla ya kufunga: anabana ateri zote mbili mgonjwa akiwa amekunja ngumi, anamwambia afungue kiganja, kinakuwa cheupe, kisha anaachia moja na kuangalia damu inavyorudi. Kipimo hiki kinaitwa cha Allen, kwa jina la daktari Mmarekani aliyekieleza mwaka 1929. Usikijaribu nyumbani, mtambana palepale penye kivimbe. Na jambo moja linalowadanganya hata wahudumu: kupata mapigo kwenye kifundo hakuthibitishi kwamba ateri ya juu ni nzima, kwa sababu, kama nilivyosema, damu hurudi kwa nyuma kutoka kwenye tao.

Je, angeweza kuiunga badala ya kuifunga? Inawezekana. Ateri hiyo unene wake ni kama mrija wa wino ndani ya kalamu ya biki, inashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na mshonaji anavaa miwani ya kukuza. Aliyeonyesha dunia namna ya kushona mishipa ni Mfaransa Alexis Carrel, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Inasimuliwa alijifunza mkono mwepesi wa sindano kwa mwanamke mtarizi wa mji wa Lyon, jambo ambalo huwa linanifurahisha kila ninapoona kina mama wakitarizi vitambaa vya makochi pale sokoni. Lakini ateri moja ikikatika na nyingine inatosha, kufunga ni tiba inayokubalika. Hata zile zinazoungwa, nyingi huziba zenyewe baadaye na mwenye mkono hajui. Kuunga kunakuwa lazima zikikatika zote mbili, au kiganja kikibaki baridi na cheupe. Hapo ni mbio dhidi ya zile saa sita. Kwa mume wako mbio hizo hazikuwepo. Na kwa swali la mjomba: mshipa uliofungwa wiki sita zilizopita haufunguliwi kama fundo la kamba. Umeshaziba na kuwa kovu. Hata ukifunguliwa, ganzi haitaondoka.

Tuje kwenye waya. Pembeni kabisa ya ateri ya upande wa kidole kidogo, wakitembea bega kwa bega, kuna neva. Hiyo ndiyo inayopeleka hisia kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, hivyohivyo ulivyoniandikia bila kujua. Ndiyo pia inayoendesha misuli midogo inayotanua na kubana vidole. Kioo kilichofika kwenye ateri hiyo kilipita nyumba ya jirani. Mwambie atanue vidole vyote kama anaonyesha tano. Kisha weka karatasi katikati ya kidole kidogo na cha pete, mwambie aibane, wewe uivute taratibu. Ikitoka bila ubishi wakati mkono wa kushoto unaing'ang'ania, neva imeguswa. Ama imekatwa, ama imekwaruzwa, ama kile kifuko cha damu kinaikandamiza. Zote tatu zina tiba tofauti, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa barua.

Hapa ndipo ningetaka uwe na haraka, baada ya kivimbe. Kwa uzoefu wangu, kwenye majeraha ya kigasha ateri ndiyo hupiga kelele na neva ndiyo inayoamua kama mtu atarudi kazini. Kila mtu anakimbizana na damu, damu inasimama, ngozi inashonwa, na waya uliokatika unaachwa chini ya kovu safi. Neva iliyokatwa inaweza kushonwa. Inafaa zaidi siku na wiki za mwanzo, bado ina maana ndani ya miezi michache, lakini misuli iliyokaa mwaka na zaidi bila neva hunyauka na hairudi. Ikishashonwa huota kwa kasi ya takribani milimita moja kwa siku. Kutoka lilipo kovu lake mpaka ncha ya kidole kidogo ni kama sentimita ishirini, kwa hiyo piga hesabu ya miezi sita, saba, wakati mwingine zaidi, na hisia zinaweza zisirudi kamili. Msitegemee muujiza wa wiki mbili, na msije mkakata tamaa mwezi wa tatu.

Kwa hiyo mkifika, mwombe daktari aangalie vitu vitatu kwa siku moja: kivimbe, neva, na kano za kukunjia vidole. Aombe na picha ya eksirei. Vipande vingi vya kioo huonekana kwenye eksirei, na nimeshatoa kipande kikubwa kama punje ya mahindi kwenye mkono uliokuwa "umepona" miezi minne. Kama ni aneurizimu bandia, kwa kawaida atapasuliwa, kifuko kitolewe na mshipa ufungwe au uungwe vizuri, na mshonaji akiwa ndani anaiona neva kwa macho na kuishughulikia. Upasuaji mmoja, kazi mbili. Ndiyo maana sitaki mwende kwa mtu atakayetoa kivimbe peke yake.

Pikipiki msiuze sasa. Anzeni hapa Dodoma. Ikionekana neva inahitaji mshonaji wa darubini ambaye hapa hayupo siku hiyo, mtapewa rufaa kwenda Muhimbili, na kuna Taasisi ya Mifupa, MOI, palepale. Mkienda na barua ya rufaa na picha mkononi mnaanzia hatua ya tano. Mkienda na simu ya mjomba mnaanzia getini. Mshukuru mjomba, na umwombe ile nauli aliyotaka kutoa aitume iwe ya altrasaundi. Hapo utajua mapenzi yake yana kina gani.

Na bosi wake? Ameumia kazini. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na ni waajiri wanaouchangia, si wafanyakazi. Mume wako amwombe msimamizi wa saiti aandikishe ajali rasmi, atunze risiti na karatasi zote za matibabu, na akizungushwa aende mwenyewe ofisi za Mfuko. Akiambiwa "wewe kibarua tu", asiondoke kwa neno hilo la mdomo.

Sasa mama mkwe. Usimwambie kwamba daktari wa gazetini amesema anaharibu mkono wa mwanawe. Mwambie mume wako azungumze naye yeye, kwa lugha ya nyumbani kwao, wewe ukiwa jikoni. Aseme: mama, daktari anashuku pana damu ndani, kukanda kutaipasua. Neno damu litatosha, hajaja kutoka Kongwa kuua mtu. Kisha mpe kazi nyingine, maana mzazi aliyekuja kuuguza akikosa la kushika mkononi atarudi kwenye majani. Asubuhi na jioni yeye ndiye awe wa kukagua: kucha zina rangi gani, vidole vina joto, kivimbe kimekua au kiko vilevile. Na yeye ndiye amwepushe na vitu vya moto. Kidole kisicho na hisia hakijui sufuria, hakijui pasi, hakijui bomba la moshi la pikipiki. Lile lengelenge lisipasuliwe, lisafishwe kwa maji safi na sabuni na kufunikwa kwa kitambaa kikavu. Vidole vikunjwe na kunyooshwa kwa mkono wa pili, polepole, mara kadhaa kwa siku, visije vikakauka vikiwa vimejikunja. Mazoezi hayo ni ya vidole tu, kovu lisiguswe.

Kama anavuta sigara, aache, kwa kuwa sigara hubana mishipa na yeye amebakiwa na mmoja wa kutegemea. Atakuja pia kulalamika baridi kwenye vidole hivyo, hasa asubuhi za Juni na Julai. Mnunulieni glavu za sufu, ni kawaida kwa mkono uliopoteza ateri, wala si dalili ya kufa.

Drili aiweke chini mpaka aonwe. Mtetemo wake na kivimbe hicho sitaki vikutane.

Jumatatu mfike mapema, akiwa hajala tangu usiku, ili wakiamua kumpasua siku hiyohiyo pasiwe na sababu ya kuahirisha. Chai yake ibebe kwenye chupa, atakunywa wakishasema hapasuliwi leo. Na kile cheti cha siku ya ajali, kilichoandikwa mshipa umefungwa, hata kama kimekunjamana vipi, nenda nacho.